Kiingereza cha Kusema Siwezi

Mke wangu ndiye aliyeniambia, na hakuzunguka. "Mutoto hataki kuongea na wewe tena," alisema. "Anasema wewe ni muongo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu cha kazi, Kasongo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, simu sikioni. Wateja wawili walikuwa wananisubiri. Nikawageuzia mgongo. Muongo, mimi? Nikauliza ni nani amemfundisha mtoto wa umri ule kumwita baba yake muongo, nikapandisha sauti, nikasema maneno ambayo mtu huyasema akiwa mbali, uso wa mwenzake hauoni. Mke wangu akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Kila mwaka unamuambia uko nakuya. Kila mwaka anaambia wenzake ku masomo kama papa yake iko nakuya. Sasa amechoka." Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni rezo, huo mtandao wa simu, au ni yeye.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo mtu atadhani niliitupa familia yangu. Vita vilipotutoa kwetu Kabambare tulivuka ziwa, tukakaa kambini Tanzania, na huko ndiko binti yetu alikozaliwa. Mama yangu mzazi alikuwa amebaki huku nyuma, na akaugua. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyekuwa hai. Nikarudi kumuuguza, nikamzika. Nikiwa bado huku, orodha ya watu wa kwenda Amerika ikasomwa kambini, na mtu asiyekuwepo hakungojwa. Mke wangu aliniuliza kwa simu afanye nini. Nikamwambia watangulie, ninakuja: "Nenda na mutoto. Mimi niko nakuya nyuma yenu." Wakati ule binti yetu alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Tangu hapo ninaishi peke yangu. Watu husema utazoea. Nani alizoea? Nilipanga chumba Kasongo kwa sababu rezo ya huko ina nafuu kuliko ya Kabambare, nikaweka mashini ya kushona mbele na kitanda nyuma, pazia katikati. Jioni, kazi ikiisha, kulikuwa kimya hata nikawa nakanyaga mashini bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka juu ya hewa, ili mradi chumbani pasikike kitu. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza, "Fundi, kazi imekuwa mingi hivyo?" Nikamjibu kwamba ndiyo, imekuwa mingi.

Binti yangu alikua upande wa pili wa simu. Sauti yake ilibadilika, meno yakang'oka na kuota, nami nikayajua yote hayo kwa sikio tu, kwa namna alivyotamka maneno. Kiswahili chake kikawa kinapungua. Mama yake anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nyama, mtoto anashinda na walimu na wenzake wa kule, na kwao hakuna anayesema kama sisi. Mwishowe likabaki swali moja ambalo aliliuliza kwa lugha yangu kila tulipoongea: "Papa, utakuya lini?" Na mimi nikamjibu kila mara, "Niko nakuya, mama."

Sasa hapa ndipo mtu wa mbali hawezi kunielewa, lakini mtu wa kwetu atanielewa bila kazi. Mteja akiingia kwangu, akashika kitambaa, akauliza bei ya shati, nikamwambia bei, naye akaiona kubwa, hasemi kwamba hana. Anakirudisha kitambaa polepole, anakinyoosha vizuri kama alivyokikuta, anasema, "Fundi, niko nakuya." Mimi najua harudi. Yeye anajua kwamba najua. Namjibu, "Karibu sana," tunaagana kwa heshima, na kesho tukikutana sokoni tunasalimiana kama kawaida. Kutamka mbele ya mtu kwamba huna, hilo kwetu ni kama kujivua nguo njiani. Mimi pia nimesema "niko nakuya" katika maduka mengi ya Kasongo, na sijawahi kujiona muongo. Ni adabu. Hata mwenye duka angeshangaa kuniona nimerudi kweli.

Kwa hiyo nilikasirika, na hasira yangu ilidumu siku kadhaa. Nilishona mikono ya koti moja nje ndani, nikaifumua, nikaishona vibaya tena. Hasira ilipopungua kikabaki kitu kibaya zaidi, nacho ni kwamba simu haikulia. Kabla ya hapo, kila mwisho wa juma ilikuwa inalia. Nilikuwa ninaitazama imelala juu ya meza ya kukatia, kando ya mkasi, nami nikaogopa. Nilijiambia wazi: kama mtoto huyu hatarudi kwenye simu, basi sina mtu.

Ndipo nikaenda kujifunza Kiingereza.

Kulikuwa na mwalimu wa sekondari, kijana mpole mwenye suruali fupi kidogo, aliyekuwa akifundisha Kiingereza alasiri kwenye baraza ya nyumba yake, si mbali na soko. Ubao wake ulikuwa mlango wa zamani aliouegemeza ukutani. Tulikuwa wanafunzi wachache. Aliyenisumbua zaidi alikuwa mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, mtu wa kwenda na kurudi machimboni Salamabila, aliyevaa saa kubwa na kuja darasani wakati alipotaka. Kulikuwa na mama mmoja muuguzi pia, mwenye mwandiko mzuri kuliko wetu sote.

Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza ninataka Kiingereza cha kazi gani. Nikamwambia ninataka kumwambia mtu kwamba natamani kwenda kwake ila safari imenishinda.

"Imekushinda namna gani, baba? Njia? Karatasi?"

"Vyote," nikasema.

"Na feza?"

Nikatazama upande wa mfanyabiashara. Alikuwa anachezea simu yake. Nikatikisa kichwa kidogo sana, kukubali.

Mwalimu akaandika mlangoni kwa chaki: "afford". Akasema ni neno la kila siku huko, watoto wadogo wanalitumia. Akasema linamaanisha kuwa na uwezo wa kukilipia kitu bila kuumia. Mama muuguzi akasema wazee wa Kiislamu pale Kasongo husema kumudu. Sisi wengine tunasema kuweza tu, basi, na mtu anajua ni kuweza kwa namna gani.

Neno hilo lilinitesa. Nilifikiri ni sawa na kulipa, nikalitumia hivyo. Nikamwambia mwalimu kwa Kiingereza kwamba jana nime-afford mwenye nyumba. Akacheka, akasema hapana, huyo umemlipa. Kulipa ni tendo la mkono, na hili ni hali ya mfuko, hata kabla mkono haujaingia ndani yake. Siku nyingine nikamwambia kwamba shati hili lina-afford sana, nikitaka kusema ni la bei kubwa. Akasema shati haliwezi, ni mtu ndiye anayeweza au asiyeweza. Kisha akanionya kwamba neno lenyewe halipendi kutembea peke yake, hutembea na lile la kuweza mbele yake, na mara nyingi zaidi na lile la kutoweza. "Watu wa kule," alisema, "wanalisema zaidi wakiwa hawana."

Nikamuuliza, "Wanalisema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, baba. Ku duka, ku masomo, ku kazi. Na hakuna anayewacheka."

Sikumwamini. Nilidhani mwalimu anapamba tu, hajawahi kufika hata Bukavu.

Siku moja akataka kila mmoja wetu atunge sentensi ya kutoweza, juu ya maisha yake mwenyewe. Akaanza na mfanyabiashara, naye akasimama, akanyoosha shati, akasema kwa Kiingereza kwamba anaweza kumudu pikipiki. Mwalimu akamkumbusha kwamba tunataka ya kutoweza. Akasema anaweza kumudu pikipiki mbili. Tukacheka. Mama muuguzi, ilipofika zamu yake, akatunga sentensi safi kabisa kuhusu jirani yake asiyemudu mabati. Mwalimu akasema, "Vizuri, mama, sasa juu yako." Akakunja mikono. "Mwalimu, mambo ya nyumba yangu hayatoki nje kwa sababu ya masomo."

Nami nikasema siwezi kumudu ndege.

"Kuinunua?" akauliza mwalimu. "Hata gavana hawezi. Hiyo si kitu. Sema kitu ambacho unakitaka kweli na hukiwezi."

Nilikitafuta kitu cha uongo nikakikosa. Mfanyabiashara alikuwa amegeuka ananitazama, na saa yake ilikuwa inang'aa pale mkononi. Nikamwambia mwalimu kwamba sikumlipa ili anivue nguo mbele ya watu, nikavaa ndala zangu, nikaondoka. Nikiwa njiani nilijua nimemkosea adabu kijana wa watu, lakini sikurudi.

Baadaye kidogo ukafika wakati wa kushona sare za shule. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, napanda pikipiki, mashini yangu ikiwa imefungwa nyuma, naenda Kabambare. Ni nyumbani, na kule mafundi ni wachache. Njia ile sina haja ya kuisifu. Mashini ilifika na mimi nikafika, nikashukuru. Nikakaa kwenye kibaraza cha duka moja, kama kawaida yangu, nikatandika kitambaa cheupe na cha buluu.

Wazazi wakaja, wakapimisha watoto, wakaacha kitu kidogo. Asubuhi moja akaja mama mmoja wa shambani na binti yake mdogo. Yule mtoto alikuwa amepakwa mafuta mpaka magotini. Nikampima, akasimama wima, akapanua mikono kabla sijamwambia. Kisha mama yake akauliza bei. Nikamwambia. Akakishika kitambaa, akakitazama kwa upande wa nyuma, akakirudisha, akakinyoosha vizuri.

"Fundi, niko nakuya," akasema.

"Karibu sana, mama," nikasema.

Yaliisha hapo, kama yanavyoisha siku zote. Ila mama alipoanza kuondoka, yule mtoto alikaa. Akaketi kwenye ngazi ya kibaraza, mikono juu ya magoti. Mama akamwita. Mtoto akasema, "Nangoya hapa. Si umesema uko nakuya?" Mama akanitazama mimi, nami nikaangalia sindano. Akasema basi ngoya kidogo, mimi nafika pale sokoni. Akaenda zake kweli.

Nilishona. Kila mtu mwenye kanga ya rangi kama ya mama yake akipita, mtoto alisimama, kisha akaketi tena. Akaniuliza kama sare yake nitaianza kabla mama hajarudi au akisharudi. Nikamwambia akisharudi. Jua likapanda, nikahamisha mashini, naye akahamia kwenye kivuli nilichokifuata. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Nikaona jinsi ilivyo kazi. Ningeanzaje? Kwamba mama yako amesema neno hili na sisi wakubwa tunalijua, ila wewe hujafundishwa bado? Alikuwa amelisikia neno kama lilivyo, na alikuwa analingoja kama lilivyo.

Mama alirudi jua limeinama, bila kitu mkononi, akamshika mkono, akasema twende. Mtoto hakulia. Alinitazama mimi, si mama yake, na macho yale niliyaelewa bila mkalimani. Nikatamani sana kumwambia kwamba mimi sikuwa nimesema neno. Lakini nilikuwa nimesema "karibu sana".

Usiku ule sikulala vizuri. Nikamwaza wangu, ambaye ngazi aliyokalia ameikalia miaka, na mimi kila mwisho wa juma nilikuwa nampa neno la kumkalisha tena. Nilimhurumia, na nikajionea aibu, nayo aibu hii ilikuwa kali kuliko ile niliyoikimbia kule Kasongo barazani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baada ya saa sita nilifunga mashini, nikanunua mega za kupigia simu, nikanunua kikwanga kwa mama mmoja wa barabarani maana nilikuwa sijala kitu, nikapanda kilima ambako watu wa Kabambare huenda kutafuta rezo. Kulikuwa na watu wengine pale, kila mtu amesimama mahali pake na amegeukia upande wake, akipiga kelele kwa mtu aliye mbali. Nikatafuta nafasi yangu. Kule Amerika ilikuwa bado asubuhi.

Mke wangu akapokea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kazini. Nikamwomba aniitie mtoto.

"Nimekuambia hataki."

"Basi weka simu juu ya meza, niongee. Kama anataka asikie, kama hataki aache."

Kisha nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, na sauti za nyumba ile ambayo sijawahi kuiona: maji, mlango, televisheni ikipunguzwa.

Nilikuwa nimeirudia sentensi yangu njia nzima ya kupanda. Watu walikuwa wamenizunguka. Mmoja wao ni mtu aliyesoma nami darasa moja utotoni. Nikaisema kwa sauti, kwa Kiingereza, na lile la kutoweza likiwa mahali pake, mbele, kama mwalimu alivyotaka. "I can't afford to come." Nikangoja. Nikaongeza kwamba nataka. Kwamba nataka sana, kila siku, ila uwezo sina, sikuwa nao mwaka jana, na mwaka ujao sitakuwa nao. Sijui Kiingereza changu kilikuwa cha namna gani kufika hapo. Lile neno la kwanza nina hakika lilikuwa sawa.

Nikafikiri rezo imeondoka.

Kisha kiti kikakwaruza, na sauti ikasema, karibu kabisa na simu, kwa Kiingereza, "Ni bei gani?"

Nikamwambia ni zaidi ya mashini zote za kushona nilizowahi kuziona.

"Hata sisi hatuwezi kuimudu," akasema, lile lile neno, akilitamka upesi kama kitu anachokishika kila siku. "Mama pia alisema. Kwa hiyo huji."

"Siji."

"Sawa," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa simu kukatwa. Nilikuwa nimeogopa kwamba swali lake likishajibiwa, tutakosa la kusema, maana kwa miaka yote ile tulikuwa na swali lile tu. Lakini hakuondoka. Nilimsikia akipumua. Akaniuliza ninafanya nini sasa hivi. Nikasema nimesimama kilimani. Akauliza kwa nini kilimani, nikamweleza habari ya rezo, akacheka kidogo, na kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu akiwa na meno ya utoto. Akauliza ninalala wapi. Akauliza kama nina mbwa. Akauliza nimekula nini, nikasema bado, nina kikwanga mkononi, nikamweleza ni kitu gani, muhogo uliofungwa katika majani.

"Unakula na nani?" akauliza.

Huku kwetu mwanaume hali peke yake. Wanaume hukaa barazani kwenye sinia moja, na ukipita unaitwa, na ukiitwa unanawa. Ningeweza kumjibu kwamba nakula na majirani. Hata mama yake aliamini hivyo. Nilitafuta Kiingereza cha jibu la adabu, na nilikuwa nacho, mwalimu alikuwa ametufundisha.

"Sina mtu," nikamwambia. "Ninakula peke yangu."

Kisha akasema ningoje. Nikamsikia akitembea, kabati likafunguliwa, kitu kikamiminwa. Kiti kikakwaruza mara ya pili. Kijiko kikagonga bakuli karibu na sikio langu.

"Kula, papa," akasema, kwa Kiswahili.

Nikachuchumaa pale pale katikati ya watu wa kilimani, nikayafungua yale majani kwa mkono mmoja. Yeye akatafuna, mimi nikatafuna. Kisha mega zikaisha, na kikwanga kilichobaki nikakimaliza peke yangu.